Kitabu cha Maji ya Moto

1 Desemba

Leo ziwa limefungwa. Askari wa samaki balipita asubuhi na mutumbwi wa mashini, banapaza sauti kama sisi ni viziwi: hakuna nyavu, hakuna ndoano, hakuna kikapu, mpaka tarehe moja ya mwezi wa tatu, ju samaki bapate kuzaa. Kila mwaka njo vile. Lloyd, mwana wangu, alikunja nyavu zake akaziweka juu ya kitanda changu, sawa kitanda changu ni stoo. Nilizitupa inje. Akaziokota, akacheka.

Mvula ilipokatika, akakuya Gustave, mwalimu wa katekisimu, mutu wa Kongo mwenye kukaa hapa tangu vita. Alifuatana na mwanamuke wa serikali kutoka Lusaka, jina lake Ba Chama, mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe katika matope ya Nchelenge! Ba Chama alinipa kitabu hiki na biki moja ya kuandikia. Alieleza: ile Nyumba ya Mashini, yenye kuchoma mafuta na kutoa umeme, lisansi yake, ile ruhusa ya kazi, ya miaka makumi mbili inaisha. Kampani inaomba makumi mbili ingine. Mbele ya kupewa, sheria inasema kuangaliwe kama inaharibu maji na inchi, na sisi ba pembeni ya ziwa tuulizwe. Kila nyumba iandike yale inaona, mpaka siku ya mukutano.

Gustave akasema, «Bon, Nkambo Febby, bibi yetu, andika kila kitu.»

«Kila kitu? Nikianza na ile suruali yako, kitabu kitajaa leo.»

Ninaandika Kiswahili ju nilisoma miaka ine kwa bamasela, batawa ba kanisa, ng'ambo ya Kongo. Kibemba ninasema, kukiandika sijui. Tena Lloyd na muke wake Nkandu habajue kusoma Kiswahili. Hiyo ni nzuri.

2 Desemba

Mvula. Maji ni ya rangi ya chai. Samaki sikuona.

5 Desemba

Nilienda kuangalia bomba, ju baliniambia niandike. Nyumba ya Mashini inavuta maji ya ziwa kupoesha mashini zake, kisha inayarudisha yakiwa ya moto, katika mufereji wa simenti. Asubuhi ya baridi unaona moshi juu ya maji. Samaki banajikusanya pale, bapale, njo kusema sato, banene, migongo inje, sawa batu kwenye moto. Hakuna ukuta, hakuna waya. Unashuka tu.

Sikukaa.

9 Desemba

Gustave alikuya na habari ya rapote, ile ripoti ya kampani juu ya Nyumba ya Mashini. Haijamalizika, banaileta kwanza tuione, tukosoe. Kurasa mia tatu za Kingereza, inakaa kwa biro ya boma na iko na kamba, ju wezi. Wezi gani bataiba kitu kama kile? Yeye alinakili kipande cha kijiji chetu, akanisomea.

Balisema maji ya bomba ni ya faida, samaki banayapenda. Balisema mitumbwi iko ngapi, kaburi ziko ngapi. Kisha akasoma: «Katika miaka yote makumi mbili, bomba na mufereji havikuleta kifo cha mutu hata mumoja.»

Nikasema, «Soma tena.»

Akasoma tena. Hakuniangalia. Suwilanji alikuwa mwanafunzi wake.

Ninaandika, ju balisema kila kitu. Suwilanji ni mutoto wa kwanza wa Lloyd na Nkandu, mujukuu wangu. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alikufa mwaka huu ziwa likiwa limefungwa vilevile, mwezi wa kwanza. Kliniki iliandika: alizama ziwani, alienda kuoga bila ruhusa.

Gustave akasema pole pole, «Nkambo, mimi nilimuona pale balipomutoa. Ile haikuwa njia ya kwenda kuoga.»

Nikamwambia akunywe chai yake.

10 Desemba

Mvula. Maji ni ya chai.

14 Desemba

Siku ya Mungu. Pasta alihubiri muda murefu sana. Chakula ni sombe tena, majani ya mihogo. Lloyd analima mihogo kama mutu aliyelazimishwa, anapiga jembe, anaangalia ziwa, anapiga jembe, anaangalia ziwa. Nikamuambia ziwa halitakimbia.

18 Desemba

Ba Chama alipita kuangalia kama ninaandika. Alifurahi kuona kurasa. Hawezi kuzisoma, ni mutu wa Lusaka. Nikamuuliza kama kitu kikisahauliwa katika rapote, mutu anaweza kukiongeza.

«Eh, ba mayo, mama, njo sababu ya mukutano. Munakuya, munasema, tunaandika. Na mutu akisema, kampani inalazimishwa kujibu kwa maandishi.»

«Hata kama kitu ni cha zamani?»

«Hata cha zamani. Ila kama iko karatasi yenye kusema kingine, batauliza.»

Viatu vyake sasa ni vya rangi ya matope. Nilifurahi kidogo.

25 Desemba

Noeli. Tulikula kuku, na muchele. Nkandu alipika vizuri, sina kitu cha kusema, na mimi ni mutu wa kuwa na kitu cha kusema.

Chisomo, mudogo wa Suwilanji, iko na miaka ine. Alichukua sahani yake anaenda nayo kwa maji, kuiosha sawa bakubwa. Nkandu alimukamata mukono, akamufinya mpaka mutoto akalia. «Unataka kuwa sawa dada yako? Kichwa ngumu! Niliona dada yako alienda wapi na ile kichwa ngumu!»

Kila mara njo hivyo. Kwa maji, kwa moto, kwa barabara: dada yako, kichwa ngumu. Chisomo atakua akijua dada yake kwa lile jina tu.

Mimi nilikuwa ninakula paja la kuku. Nikaendelea kukula.

2 Januari

Mvula siku tatu. Paa inavuja juu ya kitanda changu tu, inaruka kitanda cha Lloyd. Ile paa inajua mutu.

7 Januari

Balipita kutangaza mukutano: tarehe tano ya mwezi wa pili, katika jumba kubwa la boma. Jirani yangu Bwembya anasema ataenda kusema lisansi ipewe, ju bila umeme mashini yake ya kusaga itasimama. Na mimi ninapeleka mihogo yangu kwake. Sikumutukana. Bwembya aliniuliza kama niko mugonjwa.

12 Januari

Nyumba ya Mashini ilinguruma tangu asubuhi. Inaanza bila kuambia mutu. Maji yanatoka kwa nguvu mpaka matete ya ng'ambo ya mufereji yanalala.

Hii niliiona leo. Niliiona mbele ya leo pia.

19 Januari

Mwaka moja.

Nkandu na Lloyd balienda kwa kaburi. Nilisema goti linaniuma. Goti haliniume. Niko peke yangu na kitabu, mvula imekatika, na nitaandika sasa ao sitaandika tena.

Siku ile bazazi ba Nkandu balikuwa banatoka Puta kutuona. Mara ya kwanza kulala kwetu tangu harusi. Bakwe! Na sisi tuko na nini? Maharagi na sombe. Nikafikiri: nyumba ya Febby Chabu, pembeni ya maji, ibapatie bakwe maharagi? Bataenda kucheka Puta yote. Batasema mutoto wao aliolewa kwa masikini. Lloyd alikuwa katika shamba. Nkandu alikuwa barabarani, anabangojea.

Nikamuita Suwilanji. Nikamupa kikapu. Nikamuambia, «Enda kwa maji ya moto, pale samaki banajikusanya. Chota bapale babili, batatu. Pita katika matete, askari basikuone.»

Akasema, «Nkambo, mama alinikataza kufika pale.»

Nikasema, «Mama yako alizaliwa na nani? Mimi njo mukubwa katika nyumba hii. Enda, kichwa ngumu.»

Ile jina, mimi njo nililitoa kwanza. Nkandu hajui.

Alienda. Alikuwa mutoto wa kusikia. Hakuwahi hata siku moja kwenda mahali bila kutumwa.

Kisha mashini zikaanza kunguruma. Nilizisikia nikiwa ninamenya vitunguu. Nilimaliza kitunguu. Njo nikasimama.

Alikuwa katika matete ya ng'ambo, na ngozi ya miguu imebadilika. Gustave na bavuvi babili balimutoa. Kikapu kilikuwa kimeshikwa na mukono wake, samaki mumoja ndani. Mbele ya batu bengine kufika nilikichukua, nikakitupa mbali, na samaki yake. Ju kuvua ziwa likifungwa ni kesi, na askari bangemukamata Lloyd, bangechoma nyavu. Nilijiambia vile, ni ju ya Lloyd. Ilikuwa ju ya bakwe, balikuwa banashuka katika gari.

Kwa kliniki muganga akauliza. Nikasema alienda kuoga ziwani, bila ruhusa. Akasema weka kidole hapa. Nikamuambia mimi ninajua kuandika. Nikaandika jina langu lote, Febby Chabu, na mustari chini yake, sawa bamasela balinifundisha. Nilifurahi ju herufi zilikuwa nzuri. Mungu anajua, nilifurahi.

20 Januari

Hakuna kitu.

21 Januari

Hakuna kitu. Mvula.

25 Januari

Nkandu aliniletea dawa ya goti. Aliipaka yeye mwenyewe, mikono yake ni ya moto. Akasema, «Mama, mwaka huu umenyamaza sana. Hata hunitukane tena.» Akacheka. Akasema ataenda na mimi kwa mukutano, nisianguke katika matope.

29 Januari

Nilimupa Gustave kitabu, asome tarehe kumi na tisa. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa chini, pale pale, na suruali yake mbaya, katika maji ya mvula.

«Nkambo, ukisema hii, unajua itakuwa nini na BanaSuwi, mama yake Suwilanji?»

«Ninajua.»

«Nakili tu yale ya mashini, ya bomba bila waya. Sema alienda kwa mufereji. Ile ya kumutuma, iache. Kampani itajibu vilevile.»

«Na mama yake?»

«Mama yake?»

«Mama yake atazidi kumuita kichwa ngumu, Gustave. Nikisema nusu, atasema: tazama, nilimukataza kwenda pale, na alienda.»

Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili.

5 Februari

Ninaandika kesho yake asubuhi, lakini niliweka tarehe ya jana ju ni ya jana.

Jumba lilijaa nusu. Babaume ba Kilwa, kile kisiwa cha ziwani, habakufika, ju ya mawimbi. Kwa meza ya mbele: Ba Chama, babaume babili ba kampani, mumoja na koti na jasho, na Gustave wa kugeuza maneno yetu kwa Kingereza. Bwembya alisema mashini yake ya kusaga. Mvuvi mumoja alisema maji ya moto yanaua mayai ya samaki. Mwalimu aliuliza mafuta ya zamani yanatupwa wapi. Ba Chama aliandika yote, kila kitu. Nilimupenda kwa ile.

Balipoita jina langu nilisimama na kitabu. Nkandu alikuwa nyuma yangu, Chisomo mugongoni, alinishika kiwiko nisianguke. Macho yangu yalisoma Kiswahili, kinywa changu kikatoa Kibemba, ju Nkandu asikie. Nilianza na bomba. Nikasema hakuna waya, hakuna ukuta. Nikasema mashini zinaanza bila honi. Nikasema rapote yenu inasema hakuna mutu aliyekufa, na iko mutoto, jina lake Suwilanji.

Pale nilisikia kiwiko changu kinashikwa kwa nguvu. Alifikiri nimeamua kumusemea mutoto wake. Alikuwa ananishukuru na vidole.

Nikasoma yote. Bakwe. Kikapu. «Mama alinikataza.» Kitunguu. Gustave aligeuza mpaka kwa kitunguu akasimama. Ba Chama akamuambia endelea. Akaendelea, sauti yake si yake.

Vidole viliachia kiwiko changu. Sikugeuka.

Yule wa koti alikuwa na karatasi ya kliniki. Aliipandisha juu. «Mama, hii saini ni yako?»

«Ni yangu.»

«Hapa unasema alienda kuoga ziwani. Leo unasema mufereji wetu. Ulidanganya siku ile ao unadanganya leo?»

«Siku ile,» nikasema. «Siku ile nilidanganya vizuri, na mulipenda, mukaiweka katika rapote. Leo ninasema kweli vibaya, na hamupendi.»

Batu bengine balicheka. Mimi sikucheka.

Akasema, «Basi ni wewe ulimutuma. Si kampani.»

«Ni mimi nilimutuma. Na ni nyinyi muliwasha mashini. Niandike mimi mustari wa kwanza. Kisha mujiandike chini yangu.»

Ba Chama aliomba kitabu. Alipiga picha kila ukurasa na telefone yake, akapiga muhuri kwa ganda la kitabu, akanirudishia.

Nilipogeuka, kiti cha Nkandu kilikuwa na chitenge yangu tu, ile alikuwa ananibebea. Aliikunja vizuri.

Nilimukuta kwa nyumba, anaweka nguo katika gunia. Lloyd alisimama kwa mulango sawa mutu amepigwa na nyundo. Nkandu hakupaza sauti. Ningependa apaze sauti.

«Mama, mwaka muzima nimemutukana mutoto wangu mbele yako.»

«Eh.»

«Ulikuwa unakula, unaniangalia.»

«Eh.»

«Kwa maziko sikumulilia vizuri. Nilikuwa na hasira naye. Nilimuambia katika sanduku, uliona sasa? Uliona? Mutoto amekufa ju ya kukusikia wewe, na mimi nilimuambia vile, katika sanduku.»

Nilitaka kusema ni ju ya bazazi bake, ni ju ya heshima. Niliangalia mikono yake, nikafunga kinywa. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

6 Februari

Balienda Puta, Nkandu na Chisomo. Lloyd alibasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akalala na viatu.

8 Februari

Mvula.

11 Februari

Lloyd anakula, analima. Hanitukane. Aliziba paa juu ya kitanda changu bila kuniuliza, akashuka, akaenda.

15 Februari

Siku ya Mungu. Katika kanisa benchi yangu ilibaki wazi kila upande. Bwembya njo alikuya kukaa karibu, na harufu yake ya unga. Akasema, «Sogea, wewe mubaya.» Nikasogea.

16 Februari

Maji ni ya chai. Samaki sikuona.

23 Februari

Nilienda kwa bomba. Bafundi ba kampani banapiga vyuma katika simenti, waya nene pande mbili, na kitu chekundu juu ya nguzo. Nikauliza ni nini. Kijana akasema, «Ni honi, nkambo, italia dakika kumi mbele ya mashini kuanza.»

Waya inafika hapa kwa bega langu. Nilishika. Ni nguvu. Niliipiga na mukono, nikaipiga tena, mpaka kijana akasema, «Nkambo, acha, utaumia.»

1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Mitumbwi iliondoka yote pamoja, batu banaimba, Lloyd ndani. Niliosha sufuria.

Kanisa ilipoisha, Ba Chama alikuya kusoma rapote ya mwisho chini ya paa la soko, ile sheria inasema isomwe mbele ya batu. Lisansi imepewa. Makumi mbili ingine. Bwembya alipiga mikono, kisha akaniangalia, akaacha. Katika makumi mbili mimi nitakuwa udongo, na mashini itakuwa inanguruma juu yangu.

Gustave alisoma kipande chetu kwa Kibemba. Njo nikaona Nkandu. Alisimama mwisho, karibu na meza ya nyanya, Chisomo kwa mukono. Alitoka Puta na gari ya asubuhi. Chisomo aliniona, akataka kukimbia kwangu, mama yake hakumuachilia.

Gustave akasoma: «Mustari wa hakuna kifo umefutwa. Mutoto mwanamuke, Suwilanji, miaka kumi na moja, alikufa katika mufereji wa maji ya moto mashini zilipoanza. Alitumwa pale na mukubwa wa nyumba yake. Hakukuwa na waya wala honi.»

Mimi wa kwanza, kampani chini yangu. Njo vile niliomba.

Akageuza ukurasa kwenda mbele. Nkandu akasema, «Ba Gustave. Rudi pale.»

Batu baligeuka kumuangalia.

«Pale wapi, BanaSuwi?»

«Pale kwa mutoto.»

Akasoma tena. Alipofika kwa neno «alitumwa», Nkandu akainua mukono, akamusimamisha.

«Alitumwa,» akasema.

«Njo vile iko, mama. Alitumwa.»

Nkandu akainama mpaka kwa sikio la Chisomo. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. «Umesikia dada yako? Dada yako alikuwa mutoto wa kusikia. Alitumwa, akaenda.»

Kisha akasimama, akafunga chitenge yake, akapita mbele yangu. Hakunisalimia. Mutoto aligeuza kichwa kuniangalia mpaka balipofika kwa gari ya Puta.

Lloyd amerudi na bapale bane, banene. Amebaweka mbele yangu katika sahani. Beko pale. Sijui nitabapikia nani.